Kitabu Kilichokosa Wanunuzi: Habari za "Maggie" ya Stephen Crane

Mtungaji akiisha kupiga chapa hadithi kwa fedha zake mwenyewe, huja kwetu na nakala mbili tatu mkononi, naye hutuuliza neno moja tu: wasomaji nitawapata wapi? Wengi wa watu hawa ni walimu. Mshahara wa miezi kadha wa kadha umekwisha katika karatasi na wino, na mabunda yaliyobaki yamo chini ya kitanda, yakingoja mchwa. Nasi kwa kawaida hujibu kwa maneno ya kutia moyo, ambayo hayauzi hata nakala moja. Twaona aibu kidogo kwa majibu hayo. Kwa hiyo safari hii twapenda kulitazama swali lenyewe ndani ya kitabu kimoja cha kigeni ambacho mambo yake yajulikana vizuri, kilichopigwa chapa mjini New York mwaka 1893, kikakosa wanunuzi, na ambacho leo hufundishwa katika vyuo vikuu vya Marekani. Jina lake ni Maggie: A Girl of the Streets, yaani Maggie, msichana wa barabarani.

Mtungaji wake, Stephen Crane, alizaliwa Newark katika jimbo la New Jersey mwaka 1871, mtoto wa kumi na nne, kitinda mimba, katika nyumba ya mchungaji wa Kimethodisti. Baba yake, Jonathan Townley Crane, alikuwa ametoa mwaka 1869 kitabu cha kuwaonya Wakristo juu ya michezo ya anasa, yaani dansi na karata na mengineyo, na kusoma hadithi za kubuni kulikuwa mojawapo la mambo aliyoyaonya. Mama yake alikuwa mnenaji katika chama cha wanawake waliopinga ulevi. Baba alifariki mwaka 1880, na mama mwaka 1891, basi hakuna hata mmoja wao aliyekiona kitabu cha mwana wao. Wako wasemao kwamba kijana aliwaasi wazazi wake. Sisi hatuoni hivyo. Mwana wa mama aliyepigana na pombe alitunga habari za mama mlevi, na ye yote aliyepata kusikiliza mahubiri mengi utotoni atayasikia mahubiri ndani ya kitabu hiki, ingawa mwenyewe aliyachukia mahubiri.

Alipokimaliza alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, akiishi kwa vijisenti vya kuandikia magazeti. Alimpelekea Richard Watson Gilder, mhariri wa gazeti kubwa la Century, naye akakikataa kwa kuwa aliona hadithi yenyewe ni ya ukatili mno. Wachapishaji nao hawakukitaka. Ndipo alipoamua kukipiga chapa mwenyewe kwa fedha za urithi wake. Hesabu itajwayo sana ni dola 869 kwa nakala 1,100, nazo zilikuwa fedha nyingi mno kwa kitabu chembamba kama hicho. Waliotazama mambo hayo baadaye walisema kwamba mpiga chapa alimpunja. Jalada lilikuwa karatasi ya manjano, bei senti 50. Jina la mtungaji halikuwa Crane bali "Johnston Smith", jina alilolibuni kwa sababu lilikuwa la kawaida kuliko yote aliyoweza kuyafikiri. Na jina la mchapishaji halikuwako kabisa.

Tusimame kidogo katika neno hilo la mwisho, maana watungaji wetu hulipuuza. Jina la mchapishaji si pambo la ukurasa. Mwuza duka akilikuta, ajua ni nani wa kumrudishia vitabu visivyouzwa, ni nani wa kumdai, na ni nani aliyekwisha kukisoma kitabu kabla yake na kukiona chafaa kutiwa fedha. Pasipo jina hilo yampasa akisome mwenyewe, naye hana nafasi. Kitabu cha Crane kilifika madukani kama mgeni aingiaye mjini usiku bila barua ya kumjulisha. Hakufukuzwa kwa kuwa ni mwovu, ila hakuna aliyejua ni wa nani. Yasimuliwa kwamba duka moja kubwa lilipokea nakala kumi na mbili, likarudisha kumi. Yasimuliwa tena kwamba watu wanne waliajiriwa kuketi katika magari ya moshi yaliyopita juu ya barabara za New York, kila mmoja akisoma kitabu hicho cha manjano waziwazi, ili abiria wadhani mji mzima wakisoma. Habari hizi zatufurahisha, lakini yafaa msomaji ajue kwamba nyingi za namna hii zilienezwa na kitabu cha maisha ya Crane alichokitoa Thomas Beer mwaka 1923, na wataalamu waliokichunguza baadaye walithibitisha kwamba Beer alibuni barua na mambo mengine mengi. Kilicho hakika ni hiki, kwamba nakala hazikuuzwa.

Je, kosa lilikuwa katika kujipigia chapa? La. Jane Austen alitoa hadithi yake ya kwanza, Sense and Sensibility, mwaka 1811 kwa hatari ya mfuko wake mwenyewe, wala jina lake halikuwamo, ila maneno ya kusema kwamba kimetungwa na mwanamke wa heshima. Chapa ile ikauzwa yote, naye akapata faida ya pauni 140. Lakini kitabu chake kilipitia mikononi mwa mchapishaji Egerton wa London, mwenye duka na wateja wanaomjua. Beatrix Potter naye alikataliwa na wachapishaji, akapiga chapa nakala 250 za hadithi ya sungura Peter mwezi wa Desemba 1901, akazigawa na kuziuza kwa jamaa na rafiki, wakamwomba nyingine. Hadithi ile ilikuwa imeanza kama barua kwa mtoto mgonjwa mwaka 1893, mwaka ule ule wa Maggie. Potter alikuwa na msomaji kabla hajawa na kitabu. Crane alikuwa na vitabu 1,100 kabla hajawa na msomaji, na twaona kwamba hesabu yake ilipotoka hapo.

Lakini kusema hivyo tu ni kusema maneno ya mwuza duka. Yatupasa kuuliza kama kitabu chenyewe kilistahili kusomwa.

Habari yake ni fupi, sura kumi na tisa. Katika kichochoro cha maskini mjini New York wakaa mama na baba walevi na watoto watatu. Mdogo afa. Jimmie, wa kiume, akua katika kupigana ngumi, awa mwendesha gari la farasi. Maggie akua mzuri, jambo ambalo majirani walistaajabia, naye Jimmie amwambia kwamba lazima achague kazi au njia nyingine. Aenda kushona kola za mashati. Aja kijana Pete, mwuza pombe, mwenye nguo safi na maneno ya kujivuna, naye Maggie amwona kuwa mtu mkubwa wa dunia. Mama, akiwa amelewa, amfukuza bintiye nyumbani kwa jina la heshima ya nyumba. Pete amwacha. Kaka yake amkataa mbele ya majirani. Mwishowe amekufa.

Mtu aweza kusema kwamba habari kama hii imesimuliwa mara elfu, na ndivyo ilivyo. Ubora wa Crane ni katika mambo madogo. Kabla Pete hajaja kumchukua kwenda matembezini, Maggie anunua kitambaa cha maua kwa fedha za mshahara wake, atengeneza pazia dogo, alipigilia kwa misumari juu ya rafu ya jiko, alirekebisha mara hii na mara hii ili lipendeze machoni pa mgeni. Pete aja, wala halioni. Baadaye mama alewa na kuliharibu. Mtungaji hasemi neno la kumhurumia msichana. Atuonyesha pazia, basi. Waandishi wetu wengi wangaliongeza hapo aya nzima ya "Ole wake binti huyo maskini!" na msomaji angalifunga kitabu.

Jambo la pili latuhusu sisi tulio makasisi na walimu, nalo si tamu. Maggie, akiisha kuachwa, atembea barabarani, amwona bwana mnene mwenye kofia ya hariri na koti jeusi la kiasi, uso wake umejaa wema. Msichana amesikia habari za neema ya Mungu, aazimu kumkaribia. Yule bwana ashtuka, aruka upande mmoja, aiokoa heshima yake, naye aenda zake. Hajiulizi kama iko roho mbele yake iliyohitaji kuokolewa. Mambo hayo yamo katika sentensi chache sana. Tulipoisoma mara ya kwanza tulikasirika, tukasema kwamba kijana huyu awadhihaki watumishi wa Mungu. Tulipoirudia tulijiuliza ni mara ngapi sisi wenyewe tumeruka upande.

Crane hakuficha nia hiyo. Baadhi ya nakala zisizouzwa aliwapelekea watu wakuu kuwa zawadi, na mmojawapo alikuwa mchungaji wa New York. Juu ya jalada aliandika kwamba bila shaka kitabu kitamshtua, lakini asome kwa ujasiri mpaka mwisho, maana chajaribu kuonyesha kwamba mazingira ni jambo kubwa sana duniani, nayo mara nyingi huyaumba maisha ya watu. Na mtu akithibitisha neno hilo, huwafanyia nafasi Mbinguni watu wa kila namna, hata pengine msichana wa barabarani, ambao watu wema wengi hawatarajii kuwakuta kule. Wazo hili laweza kupingwa katika elimu ya dini, kwa kuwa mtu si tope tu la kufinyangwa na mtaa wake. Lakini haliwezi kupingwa na mtu asiyekisoma kitabu.

Twaona kasoro pia. Maggie mwenyewe hasemi karibu neno lo lote. Twamjua kwa macho yake tu, na baada ya sura kumi twatamani kumsikia. Kadhalika mtungaji apenda kueleza ugomvi wa watoto wa vichochoroni kwa maneno makubwa ya vita vya mashujaa, na dhihaka hii ni nzuri mara mbili tatu, kisha yachosha. Kijana wa miaka ishirini na mmoja hupenda tuone kwamba yeye ni mwerevu. Mhariri mwema angalimshika mkono hapo. Na hilo ni moja katika mambo ayakosayo mtu ajipigiaye chapa, ambalo haliandikwi katika hesabu ya mpiga chapa.

Katika lugha, kitabu hiki kilikuwa jambo geni. Watu wake husema kama walivyosema watu wa mtaa wa Bowery, maneno yamekatwa, herufi zimebadilishwa, na maapizo ni mengi mno. Msomaji Mwingereza hulazimika kutamka kwa sauti ndipo aelewe. Hapa watungaji wa Kiswahili wana la kujifunza na la kuogopa. Kwetu mara nyingi kuli wa bandarini, mkulima wa bara na kadhi wa mjini husema wote kwa usanifu mmoja, kana kwamba wamevaa kanzu iliyoshonwa na fundi mmoja. Na msomaji ajuaye jinsi watu wasemavyo hucheka pasipostahili. Lakini mwenye kuandika matamko ya mtaa mmoja ajifungia wasomaji wa mitaa mingine. Crane alichagua ukweli wa sikio, akalipa bei yake.

Sasa turudi kwa wasomaji. Ingawa nakala hazikuuzwa, wawili walioletewa zawadi walikisoma kweli. Wa kwanza ni Hamlin Garland, mtungaji wa hadithi za wakulima, aliyekisifu katika gazeti la The Arena mwezi wa Juni 1893. Wa pili ni William Dean Howells, mhakiki aliyeheshimiwa kuliko wote katika Marekani siku zile, naye alimkaribisha Crane nyumbani kwake na kuwasimulia wengine habari za kitabu. Mtu angefikiri kwamba sasa mlango umefunguka. Haukufunguka. Sifa za Howells hazikumshawishi mchapishaji wala mwuza duka ye yote kukichukua kitabu mwaka ule. Twalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu watungaji wengi watuombao sifa katika kurasa hizi hudhani kwamba wakisifiwa watauza. Sifa ya mhakiki humpa mtungaji nguvu ya kuandika kitabu cha pili. Ndivyo ilivyokuwa kwa Crane: alikuwa na njaa na nguo mbovu, lakini aliendelea, na hadithi yake ya vita, The Red Badge of Courage, ikatolewa kwa kukatwakatwa katika magazeti mwezi wa Desemba 1894, kisha kitabu kizima kikachapishwa na Appleton mwaka 1895. Mwaka uliofuata jina lake lilivuma Marekani na Uingereza.

Ndipo wachapishaji wale wale walipoitaka Maggie.

Walakini waliitaka ikiwa imeoshwa. Crane aliipitia tena, akaondoa maapizo mengi, na katika sura ya kumi na saba sehemu moja ikatoka nzima. Sura ile ndiyo moyo wa kitabu. Msichana, ambaye sasa hatajwi jina, atembea usiku kutoka barabara zenye taa mpaka mtoni. Akutana na wanaume mmoja baada ya mmoja, kwanza kijana mwenye nguo za karamu, kisha mfanya biashara, kisha mtu wa kazi za mikono, kisha mlevi, kisha mwenye matambara, kila mmoja wa chini kuliko aliyemtangulia. Katika chapa ya 1893 wa mwisho ni mtu mnene sana mwenye nguo zilizochanika na kujaa mafuta, naye amfuata msichana mpaka ukingoni, na mto mweusi u miguuni pao wawili. Katika chapa ya 1896 mtu huyo hayumo. Msichana afika kwenye giza la majengo peke yake, na maji yako miguuni pa majengo.

Wako wataalamu walioitetea chapa ya pili. Wasema kwamba mtu yule mnene ni chukizo lisilo na faida, na kwamba Crane mwenyewe alikubali atolewe. Mwaka 1969 Fredson Bowers, katika chapa ya vitabu vya Crane iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Virginia, alifuata kwa sehemu kubwa mabadiliko ya 1896. Sisi hatukubali. Pasipo mtu yule, Maggie aonekana kama msichana aliyekata tamaa akaenda mtoni kwa hiari yake, na msomaji aweza kumsikitikia kisha akalala. Akiwapo, ngazi yatimia: yaanza kwa nguo za karamu na kwisha kwa matambara yenye mafuta, na mji wote umepita mbele ya msichana bila hata mmoja kumwuliza jina. Ndilo neno ambalo kitabu kiliandikwa ili kulisema. Crane alipata wasomaji maelfu mwaka 1896, lakini wengi wao hawakupata kusoma hadithi aliyokuwa ameilipia kwa urithi wake.

Hatumlaumu. Alikuwa maskini, na mtu aliyekwisha kutazama bunda la vitabu vyake vikipata vumbi kwa miaka mitatu hawezi kuhukumiwa na sisi tuketio katika viti vyenye mito. Alifariki kwa kifua kikuu mwezi wa Juni 1900, kabla ya kutimiza miaka ishirini na tisa. Lakini ni haki kutaja mambo yalivyogeuka. Chapa ile ya manjano iliyokosa wanunuzi sasa ni adimu sana, nao wakusanyao vitabu huigombania kwa fedha nyingi. Na tangu nakala yake ilipotolewa tena kwa mfano ule ule mwaka 1966, walimu wengi wa fasihi katika Marekani wameirudia, wakaiacha ile iliyooshwa.

Watungaji wetu wa leo hawahitaji tena dola 869. Wako wanaotoa hadithi sura kwa sura katika simu, na wasomaji huwajibu siku ile ile, wakitaka mtu fulani asife au msichana fulani aolewe. Hawa wamepata alichokikosa Crane, yaani msomaji kabla ya kitabu, na twawaonea fahari. Walakini tumekwisha kuona hadithi zikibadilika katikati kwa kufuata kelele za wasomaji, na mtu mnene wa sura ya kumi na saba akatolewa kabla hata hajaandikwa. Mmoja wao, alipotuletea kitabu alichokikusanya kutoka katika sura hizo, tulimwuliza ni wapi angaliandika vingine kama hapangalikuwa na mtu wa kumjibu. Alifikiri kidogo, akatuonyesha sura mbili. Tulimwomba aziandike upya kama alivyotaka mwanzo, kisha apige chapa nakala mia tu, awape kwanza watu kumi anaowajua kwa majina, nasi tutakuwa mmoja katika hao kumi. Hajarudi bado.

Na mwalimu ye yote atakayependa kuifasiri Maggie kwa Kiswahili, twamsihi atumie chapa ya 1893. Maapizo aweza kuyapunguza kwa kadiri ya dhamiri yake, maana mengi hayafasiriki. Bwana mwenye kofia ya hariri asimguse, wala mtu yule wa mtoni.